Dripu si chakula: dhana potofu kuhusu mgonjwa wa mapafu aliye ICU

Mama amesimama mlangoni kwa ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, na chupa ya uji. Mwanawe ana nimonia kali, yuko kwenye mashine ya kupumulia, na uji haupokelewi. Akichungulia anaona dripu inadondoka, anajipa moyo: "Afadhali, anakula." Katika miaka yangu ya kuuguza wagonjwa wa mapafu hakuna kauli inayoniuma kama hiyo, maana huenda kijana hajala tangu juzi.

Dhana: Dripu inashibisha

Soma maandishi kwenye mfuko. Dripu ya maji ya chumvi haina kalori hata moja. Ya dekstrosi ya asilimia 5 ina gramu 50 za sukari kwa lita, yaani kalori zisizozidi 200, na protini hakuna. Mtu wa kilo 60, hali yake ikishatulia, hukadiriwa kalori 25 kwa kila kilo, kama 1,500 kwa siku.

Aliye na bomba la hewa kooni hulishwa kwa mpira mwembamba unaopita puani hadi tumboni. Miongozo inataka ulishaji uanze ndani ya saa 24 hadi 48, mradi presha imetengemaa. Kwa hiyo muulize muuguzi: "Jana alipangiwa mililita ngapi, na zimeingia ngapi?" Njaa hujificha kati ya namba hizo mbili. Chakula kinasimamishwa saa nne asubuhi kwa ajili ya kipimo, na hadi jioni hakuna aliyekirudisha. Angalia pia kama kichwa cha kitanda kimeinuliwa, nyuzi 30 hadi 45, ili chakula kisirudi juu na kuingia mapafuni. Na ule uji, tafadhali, usiumimine mwenyewe mpirani. Ukiwa mzito unauziba.

Dhana: Mnene ana akiba ya kutosha

Akiba ya mafuta, ndiyo. Lakini mwili unaopambana na maambukizi makali hula misuli. Watafiti wa London walichapisha mwaka 2013 vipimo vya ultrasaundi vya msuli wa paja: kufikia siku ya 10, wagonjwa mahututi walikuwa wamepoteza karibu asilimia 18. Kiwambo kinachovuta pumzi nacho ni msuli, na ndicho tunachokitegemea siku ya kumtoa kwenye mashine.

Uvimbe unatudanganya zaidi. Siku ya nne uso umejaa, pete haivuki kidole, shangazi anasema amenawiri. Bonyeza mguu kwa kidole gumba kisha uachie. Shimo likibaki, hayo ni maji. Tazama kwenye panja na juu ya bega, ndipo utakapoona alivyokonda. Albumini, protini inayopimwa kwenye damu, isikupoteze pia: hushuka kwa sababu ya ugonjwa wenyewe, hata kwa aliyekuwa akila vizuri.

Dhana: Ajazwe, apate nguvu

Ufaransa, utafiti wa NUTRIREA-3 uliotolewa mwaka 2023 ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 3,000 waliokuwa kwenye mashine na dawa za kupandisha presha. Wiki ya kwanza wengine walipewa kalori 6 kwa kilo, wengine 25. Vifo havikutofautiana, na waliopewa kidogo walikuwa tayari kutoka ICU mapema zaidi. Chakula kilichozidi huongeza pia kabonidayoksaidi, na mapafu yaliyochoka ndiyo yanayotakiwa kuitoa. Aliyekondeshwa na kifua kikuu yuko hatarini zaidi: akijazwa ghafla, madini ya fosfati kwenye damu yanaporomoka na misuli ya kupumulia inalegea. Huyo huanza na vitamini B1 na chakula kidogo kidogo.

Dhana: Bila mashine kubwa, ukali wa ugonjwa haujulikani

Kwa hili nawashukuru Wanyarwanda na wenzao. Fasili ya Berlin ya mwaka 2012, ya mapafu kushindwa ghafla, ilidai mashine ya kupumulia na kipimo cha gesi za damu. Kigali walipochunguza watu wazima 1,046 waliolazwa, hakuna aliyetimiza masharti hayo. Walipotumia kipimo cha oksijeni cha kidoleni na ultrasaundi waliwapata 42, na nusu yao walifariki. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Fasili mpya ya dunia ya mwaka 2024 imekubali njia hiyo. Ila kipimo cha kidoleni huweza kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi, kwa hiyo asilimia 92 isitutulize ikiwa mgonjwa anahema kwa shida.

Dhana: Pointi nyingi ni hukumu

Ndugu wanasikia "APACHE 28" na kuanza kuchangia msiba. APACHE II, ya mwaka 1985, ni alama za ukali wa ugonjwa: huchukua vipimo vibaya kuliko vyote vya saa 24 za kwanza, na pointi za juu kabisa ni 71. Iliundwa kulinganisha makundi ya wagonjwa. SOFA, alama nyingine, hupima utendaji wa viungo sita na hurudiwa, nasi tunaangalia kama inapanda au inashuka. NUTRIC, alama za hatari ya kilishe, huziunganisha zote mbili na umri, maradhi mengine na siku za kulazwa kabla ya ICU. Katika toleo lake la pointi 9, kuanzia 5 ni hatari kubwa ya kilishe.

Lakini NUTRIC haiulizi mgonjwa alikuwa anakula nini. Mama wa chupa ya uji anajua: mwanawe aliacha kumaliza ugali mwezi mzima kabla, na suruali alikuwa akiifunga kwa kamba. Wauguzi wenzangu, mwiteni mama huyo, mwandike anayoyasema kwenye faili kabla chakula cha kwanza hakijapita mpirani.