Bill Walsh: pasi fupi zilizaliwa na uhaba, makombe yakaletwa na walinzi

Makombe matatu ya Super Bowl, fainali ya ligi ya futiboli ya Marekani (NFL), katika misimu kumi na San Francisco 49ers ndiyo yanayotajwa kila anapozungumzwa kocha Bill Walsh. Mimi namwona wa maana zaidi katika miaka iliyotangulia, kwa sababu hakuruka ngazi hata moja. Alianza mwaka 1957 kwenye sekondari ya Fremont, California, akawa kocha msaidizi katika vyuo vikuu vya California na Stanford, akakaa mwaka mmoja Oakland Raiders, na mwaka 1968 akaingia Cincinnati Bengals chini ya kocha mkuu Paul Brown. Kazi ya ukocha mkuu katika ligi ya NFL aliipata mwaka 1979, akiwa na miaka 47.

Cincinnati ndiko mambo yalikopikwa. Msimu wa 1969 Bengals walikuwa na Greg Cook, kwotabeki (mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi) mwenye mkono wa kurusha mbali sana. Akaumia bega msimu huohuo, na hakurudi tena kuwa yule yule. Mwaka 1970 nafasi yake ikachukuliwa na Virgil Carter: mkono hauna nguvu, lakini miguu myepesi, shabaha nzuri na akili ya haraka. Kumwambia arushe mpira yadi 50 ilikuwa kujidanganya. Walsh akauangalia uwanja kwa upana wake, yadi 53 na theluthi moja, ambao timu nyingi ziliuacha bila kuutumia. Timu hupewa majaribio manne kupata yadi 10. Pasi ya yadi tano au sita ikikamilika mara kwa mara, hesabu inatosha.

Chukua pasi ya mshazari. Kwotabeki akishapewa mpira anarudi nyuma hatua tatu, anakita mguu wa nyuma, na palepale anarusha. Wakati uleule mpokeaji anakimbia mbele hatua tatu, kisha anakata kuelekea katikati. Hakuna anayemngoja mwenzake. Miguu yao ndiyo saa. Mpokeaji akizidisha hatua moja, mpira unafika mahali ambapo yeye hayupo, na mara nyingi mlinzi yupo. Kwotabeki akitaka kwanza aone mwenzake amebaki peke yake, amechelewa. Kuna kosa lisiloonekana kwenye takwimu: mpira ukienda nyuma kidogo ya mwili, mpokeaji lazima apunguze mwendo ili audake. Pasi itahesabiwa imekamilika, ila zile yadi za kukimbia baada ya kudaka, ambazo ndizo mfumo mzima unazitafuta, zimeshapotea. Kwa pasi ndefu kidogo hatua huwa tano, na macho hufuata mpangilio: mpokeaji wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wote wakibanwa, mkimbiaji aliyeachwa karibu.

Mwaka 1971 Carter aliongoza ligi nzima kwa asilimia 62.2 ya pasi zilizokamilika. Hata hivyo, Brown alipostaafu baada ya msimu wa 1975 alimpa timu msaidizi mwingine, Bill Johnson. Walsh akaondoka, msimu mmoja San Diego, kisha miwili akiwa kocha mkuu wa Stanford.

Jambo lake la pili lililoigwa sana ni orodha ya mashambulizi ya mwanzo, 15 na wakati mwingine zaidi, iliyopangwa kabla ya siku ya mechi. Wachezaji wanalala wakiijua. Kocha hachagui kwa hofu huku mashabiki wakipiga kelele, na anapata kuona mlinzi gani anahamia wapi kwa kila mpangilio, ili aje amtumie baadaye. Wengi wanaoiga huifuata hata pale isipofaa. Ukifika jaribio la tatu ukiwa na yadi 12 mbele, unaiweka orodha pembeni na kuchagua shambulizi la hali hiyo.

Sasa San Francisco. Msimu wa 1979 ulikuwa ushindi 2, vipigo 14. Lakini kwotabeki Steve DeBerg alikamilisha pasi 347 kati ya 578, rekodi za ligi kwa wakati ule! Mfumo ulikuwa unafanya kazi; ulinzi ndio uliokuwa dhaifu. Joe Montana, kwotabeki aliyechaguliwa wa 82 mwaka huohuo timu zilipogawana wachezaji wa vyuo, ndiye anayepewa sifa zote za mabadiliko, na ni haki yake kwa sehemu. Mimi ningetazama 1981: Walsh aliwachukua vijana watatu kutoka vyuoni, Ronnie Lott, Eric Wright na Carlton Williamson, akawaanzisha wote katika ulinzi wa nyuma. Akaongeza Jack Reynolds, mkongwe kutoka Rams, na Fred Dean wa kumsumbua kwotabeki wa wapinzani. Matokeo: ushindi 13, vipigo 3.

Fainali ya Januari 1982 ilikuwa dhidi ya Bengals, na kwotabeki wao alikuwa Ken Anderson, aliyefunzwa na Walsh mwenyewe. Bengals walipata yadi 356, 49ers 275. Katika robo ya tatu Bengals walikuwa yadi tatu tu kutoka mstari wa goli, wakapewa majaribio manne, wakasimamishwa yote. Ikaisha 26–21.

Walsh aliondoka baada ya ubingwa wa tatu, Januari 1989. Aliyerithi timu ni George Seifert, kocha wa ulinzi, yule aliyewafundisha vijana watatu wa 1981. Katika msimu wake wa kwanza aliifunga Denver 55–10 kwenye fainali.