Unyeti wa Kemikali Nyingi: Maana Yake, na Msaada Unaohitajika

Unyeti wa kemikali nyingi ni hali ya muda mrefu ambayo humfanya mtu augue kila anapokutana na kemikali za kawaida, hata kwa kiasi kidogo ambacho waliomzunguka hawakihisi. Manukato ya abiria wa jirani, rangi mbichi ya ukutani, sabuni ya kufulia au dawa ya wadudu iliyopulizwa jana vyaweza kumletea maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kubanwa na kifua, au akili kuwa nzito kiasi cha kushindwa kufuata mazungumzo. Akiondoka mahali hapo, dalili hupungua. Akirudi, nazo hurudi.

Mnamo miaka ya 1950 Theron Randolph, daktari wa mzio mjini Chicago, alianza kueleza wagonjwa wa namna hii, na mwaka 1987 daktari mwenzake wa Marekani, Mark Cullen, akaipa hali hiyo jina na mipaka ya kitabibu. Haifai kuiita mzio. Katika mzio, kinga ya mwili huchokozwa na kitu mahususi, na mara nyingi kipimo cha ngozi au cha damu huonyesha hivyo, ilhali kwa unyeti huu hakuna kipimo kinachokubalika na wote. Tena, katika majaribio ambayo wagonjwa hawakuambiwa kama wanavuta kemikali au hewa safi, wengi walishindwa kutofautisha, na kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti huamini kwamba chanzo ni jinsi ubongo unavyojifunza kuitarajia hatari, huku wengine wakiendelea kuchunguza neva na uwezo wa mwili kuondoa sumu. Kwa maoni yangu, ubishi huo unahusu chanzo cha mateso, wala haufuti mateso yenyewe, na ni dhuluma kumwacha mgonjwa asubiri wataalamu wakubaliane ndipo apate kusikilizwa.

Japani inatufundisha mengi hapa. Mwaka 2003 sheria yake ya ujenzi ilianza kudhibiti formaldehaidi, gesi inayowasha macho na koo, inayotoka katika mbao na gundi za nyumba mpya, na mwaka 2009 unyeti wa kemikali uliingizwa katika orodha ya majina ya magonjwa inayotumiwa na bima ya afya. Baadaye, vilainishi vya nguo vyenye harufu kali viliposambaa, watu walianza kutumia neno kōgai, yaani madhara ya harufu, ambalo hutamkwa sawasawa na neno la kale la uchafuzi wa mazingira, ila huandikwa kwa alama ya harufu nzuri. Mwaka 2021 idara tano za serikali zilitoa bango la pamoja kuwakumbusha wananchi kwamba harufu wanayoifurahia humtaabisha mtu mwingine. Nchini Kanada, Tume ya Haki za Binadamu huihesabu hali hii kuwa ulemavu unaolindwa na sheria, hivyo mwajiri hana budi kumrekebishia mfanyakazi mazingira ya kazi.

Kwa sisi tuliolelewa kumkaribisha mgeni kwa udi na marashi, ni vigumu kukubali kwamba ukarimu huo huo waweza kumuumiza. Hata hivyo, harufu ya asili nayo ina kemikali, na kupuliza manukato ya chumba ili kufunika harufu nyingine huongeza tatizo. Linalosaidia ni kumuuliza mwenyewe kinachomdhuru na kumwamini anapojibu, bila kumwambia kuwa ni mawazo tu, kutumia sabuni isiyo na harufu siku ya kukutana naye, kufungua madirisha, na kumwarifu mapema kabla ya kupaka rangi au kupuliza dawa, ili apate nafasi ya kukaa kwingine. Msiba au harusi ikimkuta katika hali hiyo, awekewe kiti uani, upande upepo unakotoka, na jamaa watoke kwenda kuketi naye.