"Mpelekeni Mathari!" Sheria ya afya ya akili haisemi hivyo

Kenya, mtu akipandwa na hasira njiani huambiwa, "Wewe wa Mathari." Hospitali hiyo ya wagonjwa wa akili jijini Nairobi ilianza mwaka 1910, na jina lake limegeuka tusi tangu enzi za babu zetu. Ndiyo maana wengi tukisikia kuna Sheria ya Afya ya Akili, tunawazia kufuli.

"Sheria ipo ili vichaa wasitusumbue."

Ukiisoma, utakuta wanaobanwa zaidi ni wenye funguo. Chini ya sheria hiyo ya 1989, ili kumlaza mtu asiyetaka haikutosha familia kuchoka naye: ilibidi mume, mke au ndugu aandike ombi, daktari aliunge mkono, na muda wa kulazwa uwe na kikomo. Polisi au chifu akimchukua mtu, kazi yake ni kumfikisha hospitalini, si kumsahau seli. Aliyejipeleka mwenyewe naye hakugeuzwa mfungwa. Sheria hiyo ilimruhusu kuondoka kwa kutoa notisi ya saa 72.

"Hana akili, ataulizwa nini?"

Hii ndiyo dhana sugu kuliko zote, na nimeisikia hata kwa watu wenye shahada. Marekebisho ya sheria hiyo yaliyotiwa sahihi Juni 2022 yaliandika haki za mgonjwa waziwazi: aombwe ridhaa kabla ya kutibiwa, ashiriki kupanga matibabu yake, siri zake zitunzwe, awe na wa kumwakilisha, asibaguliwe na kampuni ya bima. Ugonjwa wa akili haumkamati mtu saa zote wala kwa kiasi kilekile. Kuna anayeugua wiki mbili kisha akakaa miezi mingi akifanya kazi, akilipa karo, akisuluhisha ugomvi wa majirani. Hata aliye wodini leo anaijua dawa inayomtetemesha mikono na ile inayomlaza mchana kutwa. Akilalamika, anampa daktari habari ambayo hakuna kipimo cha damu kitakachoitoa. Sisi tunaita ukaidi.

Na akisema amepigwa? Huambiwa ni maruweruwe. Lakini tangu 1989 mhudumu anayempiga, kumtesa au kumtelekeza mgonjwa kwa makusudi anatenda kosa la jinai. Mei 2013 wagonjwa wapatao 40 walipotoroka Mathari, mizaha ilienea nchi nzima. Waliouliza maisha ya wodini yalikuwaje walikuwa wachache.

"Shamba sasa ni la kaka zake."

La hasha. Mali ya mgonjwa hubaki yake. Kama kweli hawezi kuisimamia, ni mahakama inayoteua msimamizi, si kikao cha ukoo chini ya mwembe. Kura pia: Katiba ya 2010, kifungu cha 83, inamzuia kujiandikisha mtu *aliyetangazwa* kuwa hana akili timamu. Kumeza vidonge vya sonona si tangazo.

"Aliyejaribu kujiua apelekwe kituoni."

Hapa wananchi hawakujitungia. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kiliita jaribio hilo kosa, kifungo hadi miaka miwili, kwa hiyo familia ziliwaficha watu wao badala ya kuwakimbiza hospitali. Januari 2025, Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu aliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba.

Kama una ndugu aliyelazwa wiki hii, usiishie kupeleka uji na kanga. Muulize muuguzi wa zamu: alijileta au aliletwa? Kama aliletwa, nani alitia sahihi? Na ni lini daktari atamwangalia upya ili aamue kama bado anahitaji kuwa humo?