Kabla ya Kuwasha Seva Upya, Hifadhi Ujumbe wa Kerneli

Malalamiko yanayokifikia kitengo chetu siku hizi yanafanana: seva ya ofisi imegoma usiku, fundi ameizima na kuiwasha, kisha asubuhi tunaombwa tutafute chanzo. Tukitafute wapi?

Ieleweke kwamba kinachoonyeshwa na dmesg, amri ya kusoma ujumbe wa kerneli, si faili. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo wa uendeshaji, huandika ujumbe wake kwenye bafa ya mzunguko (eneo dogo la hifadhi ya muda) iliyo ndani ya RAM. Bafa ikijaa, ujumbe mpya hufuta wa zamani. Mashine ikizimwa, kwa kawaida wote hupotea. Faili hupatikana pale tu programu nyingine inapousoma ujumbe huo na kuuandika diskini. Kwa Debian na Ubuntu, programu ya rsyslog huuweka katika /var/log/kern.log, kwa Red Hat ni /var/log/messages. Tangu Debian 12 ya mwaka 2023, rsyslog haisakinishwi yenyewe, kwa hiyo kukosa kern.log huko si dalili ya udukuzi. Tumelisema hili mara nyingi.

Wanaotumia journald, huduma ya systemd ya kukusanya logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo), wakague mpangilio wa Storage. Ukiwa auto, logi hudumu iwapo tu saraka /var/log/journal ipo. Isipokuwepo, huandikwa /run/log/journal, ambayo nayo ni RAM. Tengeneza saraka /var/log/journal, endesha systemd-tmpfiles --create --prefix /var/log/journal, kisha journalctl --flush. Baada ya hapo, journalctl -k -b -1 itakuonyesha ujumbe wa kerneli wa kabla ya kuwashwa upya. Hofu kwamba diski itajaa haina msingi: kwa kawaida journald haivuki asilimia 10 ya mfumo wa faili, wala GB 4.

Kuhusu kufuta logi. Zikizungushwa kwa ratiba na logrotate, programu inayobadilisha faili za logi na kufuta za zamani, hakuna kosa. Lakini kwa Tanzania, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuharibu data kwa nia ya kukwamisha uchunguzi. Adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili. Palipo na shaka, mwone mwanasheria wa taasisi yako kwanza.

Unapoleta tatizo, leta faili lenyewe pamoja na sha256sum yake, yaani alama ya kuthibitisha kwamba faili halijabadilishwa. Picha ya skrini iliyopigwa kwa simu hatuipokei, isipokuwa kerneli imeanguka kabisa: hapo mara nyingi hakuna kilichowahi kufika diskini, na kama hukuandaa kdump (inayohifadhi nakala ya kumbukumbu kerneli inapoanguka) wala netconsole (inayotuma ujumbe wa kerneli kwa mtandao), picha hiyo ndiyo pekee tutakayoifanyia kazi.