Begi Lako la Kulalia Halijafa, Ni Chafu

Wiki hii tena: "Fundi, manyoya ya begi langu la kulalia yamezeeka. Yatoe uniwekee pamba." Siweki. Na aliyekushauri hivyo, mwambie atangulie nalo yeye kambi ya Shipton's, mita 4,200 Mlima Kenya, alale nalo mpaka alfajiri.

Manyoya hayatoi joto. Joto ni lako. Yenyewe hushika hewa isitembee, na ili yaishike lazima yaumuke. Jasho, mafuta ya ngozi na moshi vikiyagandisha, hewa haina pa kukaa. Ndiyo sababu begi la mitumba la soko la Toi, Nairobi, lenye alama ya 800 laweza kulala bapa kuliko jipya la 550. Namba ile ni inchi za ujazo zinazojazwa na aunsi moja ya manyoya, lakini yalipimwa yakiwa safi.

Basi lifue. Ndiyo, kwa maji. Mashine ya mlango wa mbele, sabuni ya maji isiyo kali, bila jiki, bila softena. Suuza mpaka povu liishe, kisha suuza tena. Ukilitoa, lipakate kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. Ukilinyanyua kwa ncha moja, uzito wa maji utachana kuta za ndani zinazotenga vyumba vya manyoya. Drai klina usipeleke.

Sasa kukausha, mahali watu wanaponichosha. "Fundi, limekauka." Umegusa nini? Kitambaa! Cha nje hukauka mapema huku ndani manyoya yangali mabonge mabichi. Mtu analikunja, analisukuma kabatini, likianza kunuka uvundo analaumu kufua. Draya iwe ya moto mdogo, maana nailoni huyeyuka, na ni kazi ya saa kadhaa. Wanasema utie mipira ya tenisi. Mimi huitia, ila moyoni nina shaka nayo. Naona vidole ndivyo vinavyofanya kazi. Simamisha mashine kila mara, papasa chumba kwa chumba, bonge ukilipata lifikiche polepole. Ukidhani umemaliza, liache wazi usiku kucha ulipapase tena asubuhi. Bonge moja tu, rudi kwenye draya.

Huna draya? Litandaze kwenye mkeka, usilitundike kambani, uwe unaligeuza. Na usinianzie kazi hiyo Julai. Mawingu ya Nairobi mwezi huo hayakaushi hata soksi. Ngoja Januari.

Likishaumuka, ingiza tochi ndani gizani. Panapopenya mwanga mtupu, huenda manyoya yamehama tu; yapigepige yarudi. Yakiwa yamevuja kweli, hapo tutaongeza, na bei itakuuma. Tuanzie kifuani na miguuni. Ya mgongoni utayalalia, na yakikandamizwa hayakusaidii kitu. Huko nunua godoro zuri la kambi.