Faili Moja la MIDI Haliwezi Kupima Maktaba Mbili za Nyuzi

Karibu kila prodyuza anayeniletea kazi yenye nyuzi za okestra hapa Kampala, awe anatunga muziki wa filamu, tangazo la redio au albamu ya kwaya ya injili, hufika akiwa ameshakata hukumu juu ya maktaba za nyuzi, yaani mikusanyo ya sauti za nyuzi zilizorekodiwa (sampuli) za kupigwa kwa kompyuta: maktaba hii ni nzuri, ile ni mbovu, na ushahidi wake ni kwamba alipakia faili lilelile la MIDI, yaani la noti zilizoandikwa kwenye kompyuta, katika zote mbili akasikiliza. Hoja hiyo nimeisikia mara nyingi mno. Naijibu hapa kwa maandishi, pamoja na nyingine ndogo zinazoandamana nayo, ili anayekuja awe ameshaisoma kabla hatujaketi mbele ya spika.

Dhana: Faili lilelile la MIDI ndilo kipimo cha haki

Jaribio hilo hupima jambo moja tu, nalo ni maktaba ipi iliyokuwa imefunguliwa siku noti zile zilipoandikwa. MIDI haina sauti ndani yake; ni maagizo, na kila maktaba huyasoma maagizo hayo kwa desturi yake.

Tuanze na suala la muda, kwa sababu ndilo linalowachanganya wengi. Katika Cinematic Studio Strings, maktaba ya Alex Wallbank iliyorekodiwa Sydney, legato (noti zinazoungana bila kukatika) ina kasi tatu zinazochaguliwa na velositi ya noti, yaani nguvu ya kugonga kitufe: ya polepole huchukua takriban milisekunde 333 kabla noti mpya haijafika, ya kati 250, na ya haraka 100. Kwa tempo ya 90, milisekunde 333 ni nusu pigo zima. Mtu akipakia humo melodi aliyoiandikia piano, fidla zitaingia nusu pigo baada ya ngoma, naye atatangaza kwamba maktaba imelala na kurudi kwenye ile aliyoizoea. Hajui kwamba muda huo ndio bidhaa aliyoilipia. Wapigaji walirekodiwa wakitoka noti moja kwenda nyingine, kwa kila umbali, wakipanda na wakishuka, na mwendo huo wa kidole na upinde umo ndani ya sampuli. Aliyewahi kumtazama mpiga endingidi akiuvuta mlio kutoka mahali hadi mahali kwenye uzi wake mmoja anaelewa kwamba safari ya noti nayo ni muziki. Ukiikata safari hiyo, umeikata legato.

Dawa yake ni kuzivuta noti nyuma kwenye mstari wa muda, kila moja kwa kadiri ya kasi yake. Kuiwekea njia (track) nzima ucheleweshaji hasi wa milisekunde 250, kama wengi wanavyofanya, ni nusu ya dawa: legato ya kati itakaa sawa, ya polepole itabaki nyuma kwa milisekunde 83, na ya haraka itatangulia kwa 150. Noti fupi zina muda wake tofauti, kwa hiyo mimi huziwekea njia yake. Kwantaizi hapa ni adui, maana inazirudisha noti kwenye gridi ambako hazitakiwi kuwepo, na bado naletewa mafaili yaliyokwantaiziwa kwa asilimia 100 kisha naulizwa kwa nini nyuzi zinasikika kama za kibodi ya kanisani.

Baada ya muda kuna vidhibiti. Katika Cinematic Studio Strings nguvu ya upigaji iko kwenye CC1, yaani kidhibiti namba moja cha MIDI, na vibrato (mtetemo wa noti) kwenye CC2. Katika maktaba za Spitfire Audio nguvu iko CC1 pia, lakini vibrato huwa CC21, na CC11 ni kiwango cha sauti tu. Faili lililoandikiwa ya kwanza, likifunguliwa katika ya pili, litaiacha vibrato ikiwa imeganda palepale kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hata CC1 yenyewe haiafikiani: thamani ya 64 inaweza kuwa upigaji wa wastani katika maktaba moja na bado ukawa mnong'ono katika nyingine, kwa sababu idadi ya tabaka za nguvu zilizorekodiwa na mahali zinapopishana havifanani. Funguo za kubadilishia mtindo wa upigaji nazo kila kampuni hupanga kivyake, kiasi kwamba noti iliyoita spikato (upinde unaorukaruka) huku inaweza kuita pizikato (kudonoa uzi kwa kidole) kule.

Halafu kuna ukumbi. Nyuzi nyingi za Spitfire zilirekodiwa Lyndhurst Hall ya AIR Studios, London, jengo lililokuwa kanisa, na mwangwi wake umo ndani ya kila noti. Vienna Symphonic Library walianza kwa kurekodi katika Silent Stage, chumba kikavu kwa makusudi, ili mnunuzi aongeze mwangwi wake mwenyewe. Ukizilinganisha hizo mbili bila kuipa ile kavu mwangwi wowote, umelinganisha vyumba, hujalinganisha nyuzi. Na iliyo juu kwa desibeli moja au mbili hushinda karibu kila mara, kwa kuwa sikio huidhania sauti kubwa kuwa ndiyo sauti nzuri.

Anayetaka kulinganisha kweli na achukue melodi moja fupi, vipimo (bar) vinane vinatosha, aiimbe kwanza kwa mdomo ajue inapumua wapi, kisha aipige upya katika kila maktaba kwa mkono, kidole kikiwa kwenye gurudumu la modulesheni, linalotuma CC1, tangu noti ya kwanza, baada ya kusoma mwongozo wa maktaba hiyo. Ndiyo, mwongozo. Kisha asawazishe viwango vya sauti, achague nafasi za maikrofoni zinazokaribiana, na hapo ndipo aseme ni ipi inayomfaa.

Dhana: Gigabaiti nyingi ni uhalisia mwingi

BBC Symphony Orchestra ya Spitfire, iliyotoka 2019 na kurekodiwa Maida Vale, hutolewa katika daraja tatu: Discover ina takriban megabaiti 200, Core gigabaiti 20 na zaidi kidogo, Professional karibu gigabaiti 600. Wapigaji ni walewale na ukumbi ni uleule. Kinachoijaza Professional, kwa sehemu kubwa, ni nafasi za maikrofoni, mitindo ya ziada na wapigaji viongozi waliorekodiwa peke yao. Kwa muziki wa tangazo la sekunde 30 litakalosikilizwa kwenye simu, kumaliza bando la miezi kupakua maikrofoni ambazo hutazifungua ni hasara. Nunua kwanza diski ya SSD. Sampuli husomwa kutoka diskini wakati wa kupiga, na diski ya kizamani ya kuzunguka itakukatia sauti hata ukiwa na maktaba bora kuliko zote.

Dhana: Piga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa mikono miwili usikie utajiri wake

Fidla za kwanza za Spitfire Symphonic Strings ni 16. Kodi ya noti tatu kwenye ala hiyo moja inakuletea fidla 48, kundi ambalo okestra ya kawaida haina. Gawa kodi kati ya fidla za kwanza, za pili, viola na selo, au tumia maktaba iliyorekodi vikundi vidogo, kama LA Scoring Strings ya 2009, ambayo iligawa kila sehemu ili kodi isinenepe. Na tafadhali, fidla haishuki chini ya G ya hezi 196. Nimeletewa zinazoshuka zaidi, zimenyooshwa kwa kompyuta, zikinguruma kama jenereta.

Dhana: Maktaba nzuri haihitaji mpigaji wa kweli

Ikiwa bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha ziada, usinunue maktaba ya pili. Mlipe mpiga fidla mmoja, naye Kampala yupo, arekodi melodi ya juu mara mbili kwa maikrofoni ya karibu, kisha uilaze rekodi hiyo juu ya sampuli kwa kiwango cha chini kidogo kuliko zenyewe, ukiipitisha kwenye mwangwi unaoukaribia ule wa maktaba. Mpe notisheni iliyochapwa mapema na umwekee tempo masikioni, kwa sababu akifuata sampuli ambazo hujazirekebisha muda, atachelewa pamoja nazo.