Tazama Anachokifanya Nacho

Kazi yangu ni kuwashauri wanafunzi na wazazi wao kuhusu masomo na kazi za baadaye. Wazazi wengi huanza hivi: “Mwalimu, huyu wangu ni injinia. Magari tu, asubuhi mpaka jioni.”

Mama mmoja alinijia na maneno hayo hayo, akiwa na mwanawe wa miaka 6. Nilimwachia mtoto vigari sakafuni, sisi tukaendelea kuzungumza. Hakukifungua hata kimoja. Alivipanga foleni, kisha akaanza kuvisemea: huyu amebeba mgonjwa, apishwe, yule amechomekea, arudi nyuma. Kimoja kikagoma kurudi. Mtoto akalala kifudifudi, akakinong’oneza mpaka kikakubali. “Ndivyo anavyocheza kila siku,” mama akasema. Nikamwambia kwamba mimi sioni mapenzi ya magari pale. Naona mtoto anayependa kupatanisha.

Tukishika jina la kitu tukasahau kitendo, tunapotea. Gari lile lile mmoja atalifungua aone ndani, mwingine atalichora, wa tatu atalibadilisha na wenzake mpaka awe na matano. John Holland, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeanza kuchapisha nadharia yake mwaka 1959, aligawa mielekeo ya kazi katika makundi 6: kazi za mikono, uchunguzi, sanaa, kuhudumia watu, kushawishi, na kuweka mambo kwa utaratibu. Yote ni vitendo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Jane Goodall, mtafiti Mwingereza wa sokwe. Akiwa na miaka minne hivi alijificha ndani ya banda la kuku kwa saa kadhaa, atazame yai linatokaje. Nyumbani walikwisha kumtafuta kwa hofu. Alipotokea, mama yake hakumgombeza. Alikaa chini akasikiliza habari yote ya yai. Mwaka 1960 binti huyo alikuwa Gombe, Tanzania, amekaa kimya akitazama sokwe, na mwaka huo huo akamwona mmoja akivua mchwa kwa ujiti wa nyasi. Mnyama si yule tena, lakini kungoja ni kule kule. Nami humfikiria sana yule mama. Kofi moja siku ile lingetosha kumfundisha binti kwamba udadisi ni kosa.

Maana hamu ya mtoto huzimika mapema kuliko tunavyodhani. Linda Gottfredson, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza mwaka 1981 kwamba kati ya miaka 6 na 8 watoto huanza kuzitupa kazi wanazoona si za jinsia yao, na kuanzia miaka 9 hivi huzitupa zile wanazoona hazina hadhi. Kwa hiyo msichana akiacha ghafla kufungua redio mbovu, usiseme hamu imeisha. Muulize nani alimcheka.

Sitabiri kazi, na sitaki mzazi atabiri. Ninachoomba ni daftari na wiki mbili: kila mtoto anapoitwa mara ya pili asisikie, andika alikuwa anafanya nini, kwa kitenzi. Yule mama wa mtoto wa vigari alirudi na daftari lake. Mstari wa kwanza ulisema: “Jumatatu. Amegombanisha vijiko viwili, akavipatanisha kabla ya kula.”